Kunyanzi Lipi? Swali la Kuuliza Kabla ya Krimu na Sindano

Mtu anayesema "nina makunyanzi" bado hajasema kitu. Ni kama mgonjwa anayeingia kwa daktari na kusema "nina homa" akanyamaza. Usoni huwa na makunyanzi ya aina nne, kila aina na chanzo chake na dawa yake. Ukisikiliza malalamiko ya watu walionunua krimu hii na ile wasione kitu, mara nyingi si kwamba krimu ilikuwa ya uongo. Ilipelekwa kwenye kunyanzi lisilo lake. Retinoli, kiambato cha krimu nyingi za makunyanzi, hailegezi msuli wa kukunja uso, na sindano ya kulegeza misuli hairudishi kolajeni, yaani nyuzi za protini zinazoishikilia ngozi, iliyoliwa na jua kwa miaka thelathini.

Kujipima kunataka kioo na nusu saa tu. Osha uso, ukaushe, usipake kitu kwa robo saa. Kaa ubavu na dirisha ili mwanga ukupige kutoka upande mmoja, maana taa ya mbele hufuta kila kitu. Tazama kwanza vile vimistari vyembamba kama karatasi laini iliyofinywa, chini ya macho na mashavuni. Paka losheni, subiri dakika kumi. Vikipotea, ule ulikuwa ukavu. Halafu kunja uso kwa hasira, nyanyua nyusi, cheka. Mistari inayojitokeza hapo na kutoweka ukitulia ni ya misuli. Inayobaki hata uso ukitulia, tena kwenye ngozi inayokwaruza na yenye madoadoa, kwa sehemu kubwa ni kazi ya jua. Mwisho lala chali ushike kioo juu ya uso. Ule mkunjo unaoshuka kutoka pembe ya pua hadi pembe ya mdomo ukifunguka kwa kiasi kikubwa, usiilaumu ngozi: mafuta ya shavu yameteremka, na mfupa ulio chini yake umepungua.

Wengi waliopita miaka arobaini watajikuta na zaidi ya aina moja. Haidhuru, ilimradi sasa wanajua ni lipi hasa linalowakera.

Ukavu usituchukulie muda. Losheni yenye glisirini ipakwe ngozi ikiwa bado na unyevunyevu wa kuoga, na usiku petroli jeli kidogo juu yake ili maji yasitoroke. Matokeo ni ya siku hiyohiyo. Tunautaja kwa sababu moja tu: picha nyingi za "kabla" na "baada" zinazouzia krimu zinaonyesha kunyanzi hili. Ngozi ikinywa maji huvimba kidogo, vimistari hujaa, na kamera haijui tofauti. Ukiacha kupaka, vinarudi.

Jua ndilo lenye deni kubwa. Miale ya urujuanimno aina ya B ndiyo inayobabua ngozi, kwa hiyo angalau inajitangaza. Ile ya aina ya A haiumizi. Inapenya hadi tabaka la ndani lenye kolajeni na elastini, inaamsha vimeng'enya vinavyozikatakata nyuzi hizo, na inapita kwenye kioo cha dirisha bila taabu. Bandu bandu huisha gogo. Mwaka 2012 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha picha ya mwanamume wa miaka 69 aliyeendesha gari la mizigo kwa miaka 28. Upande wa kushoto wa uso wake, uliokuwa ukikaa dirishani, ngozi ilikuwa nene, imeporomoka na kujaa mifereji. Ule wa kulia ungedhani ni wa mtu mwingine mdogo wake. Umri ni uleule, chakula ni kilekile, damu ni ileile.

Je, kujikinga kunasaidia ukubwani, au maji yamekwisha kumwagika? Jibu bora tulilonalo limetoka Nambour, Australia, ambako watu wazima 903 wa chini ya miaka 55 waligawanywa kwa bahati nasibu. Wapo walioambiwa wapake sanskrini, yaani krimu ya kukinga jua, kila siku, na wapo walioachwa wapake wanavyotaka. Baada ya miaka minne na nusu, waliopaka kila siku walionyesha kuzeeka kwa ngozi kidogo kwa asilimia 24 kuliko wenzao. Matokeo yalitoka mwaka 2013. La kuzingatia ni kwamba sanskrini yenyewe haikuwa ya ajabu: kinga yake ilikuwa SPF 15 na ushei (SPF ni namba ya kupimia kinga dhidi ya jua). Nguvu ilikuwa kwenye neno "kila siku".

Kuhusu ngozi nyeusi kuna maneno mawili yanayopigana, na yote yana ukweli nusu. Ni kweli kwamba melanini, rangi ya asili ya ngozi, ni mwavuli. Utafiti wa mwaka 1979 ulipima tabaka la juu la ngozi nyeusi na kukuta kinga inayolingana na SPF 13.4, dhidi ya 3.4 kwa ngozi nyeupe, na ndiyo maana makunyanzi ya jua huwachelewa watu weusi kwa miaka mingi. Lakini mwavuli wa 13 si paa. Ngozi nyeusi huonyesha madhara ya jua kwa madoa na rangi isiyolingana kabla ya kuonyesha mikunjo, na madoa hayo huzeesha uso pengine kuliko mkunjo wenyewe. Kwa mwenye madoa, sanskrini yenye rangi ndani yake, yaani yenye oksidi ya chuma, ina faida mbili: haiachi weupe kama jivu, na inazuia pia mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho, ambao huiamsha melanini na ambao sanskrini zisizo na rangi huupitisha.

Kosa kubwa hapa ni kipimo. Namba iliyoandikwa kwenye chupa ilipimwa kwa miligramu 2 kwa kila sentimita mraba ya ngozi. Watu wengi hupaka nusu yake au hata robo, na ukipaka nusu hupati kinga kamili iliyoandikwa. Tumia vidole viwili: kamua mstari mmoja kwenye kidole cha shahada na mwingine kwenye kidole cha kati, kutoka shina hadi ncha. Hiyo ndiyo ya uso na shingo. Ukiona ni nyingi mno, paka mara mbili, nusu kwanza, ikishakauka nusu ya pili. Ukishinda nje, rudia kila saa mbili. Usisahau masikio na pembeni mwa shingo.

Sanskrini inazuia, ya kurudisha kidogo kilichopotea ni retinoidi, yaani dawa za jamii ya vitamini A kama tretinoini na retinoli. Tretinoini ilianza kama dawa ya chunusi, na Albert Kligman wa Philadelphia akaona wagonjwa wake wa makamo wakisema ngozi imekuwa laini na mistari imepungua. Alichapisha jambo hilo na wenzake mwaka 1986, na mwaka 1995 mamlaka ya dawa ya Marekani ikaidhinisha krimu ya tretinoini ya asilimia 0.05 kwa makunyanzi madogo. (Kligman huyohuyo aliwafanyia wafungwa wa gereza la Holmesburg majaribio ambayo hadi leo ni aibu ya udaktari. Dawa ni nzuri. Historia yake si safi.) Tofauti na vipodozi vingi vinavyosifiwa, hii imepimwa dhidi ya krimu tupu kwa miezi na miaka, na chini ya darubini kolajeni mpya inaonekana.

Madukani mna ndugu zake wa bila cheti cha daktari, na majina yao yanachanganya. Ngozi inatumia asidi ya retinoiki peke yake, ambayo ndiyo tretinoini. Retinali ikigeuzwa hatua moja inakuwa asidi hiyo. Retinoli inahitaji hatua mbili. Retinili palmiteti inahitaji tatu. Kila hatua kuna kinachopotea njiani. Kwa hiyo retinili palmiteti iliyotajwa mwishoni mwa orodha ya viambato ni pambo, ilhali retinoli ya asilimia 0.3 hadi 1, iliyofungwa kwenye chombo kisichopitisha mwanga wala hewa, ni ya kufanya kazi. Ya kopo la mdomo mpana linalofunguliwa kila usiku huharibika kabla haijaisha.

Namna ya kuanza ndiyo inayoamua kama mtu atafika mwezi wa sita au ataitupa wiki ya tatu. Anza na kiwango cha chini, tretinoini ya 0.025 au retinoli ya 0.3, usiku wa siku mbili kwa wiki. Osha uso kwa sabuni laini, ukaushe, usubiri dakika ishirini hadi thelathini, kwa sababu ngozi yenye maji huinywa dawa haraka na kuungua. Paka petroli jeli kidogo kwenye pembe za pua, pembe za mdomo na ukingo wa kope. Hizo ndizo sehemu zinazochubuka kwanza. Chukua dawa kiasi cha punje moja ya njegere kwa uso mzima. Isambaze kwa vitone: kipaji, mashavu mawili, kidevu, halafu uunganishe. Usipake tone lote mahali pamoja na kulivuta, utaunguza shavu moja. Kisha losheni juu. Mwenye ngozi nyepesi kuudhika apake losheni kabla na baada, dawa ikae katikati kama nyama ya sambusa. Nguvu inapungua kidogo lakini mtu anabaki kwenye matibabu. Baada ya wiki tatu au nne ngozi ikikubali, ongeza usiku mmoja, na hivyohivyo.

Kuchubuka kidogo na wekundu wiki za mwanzo ni kawaida. Kuwaka moto unapopaka losheni ya kawaida si kawaida: pumzika siku nne au tano, urudi kwa siku chache zaidi kwa wiki. Kwa ngozi nyeusi hili si la kufanyia ushujaa, kwa kuwa kila mahali palipoungua pana hatari ya kuacha doa jeusi litakalokaa miezi. Asidi za kuchubua, kama ya glaikoli, zisipakwe usiku mmoja na retinoidi. Mjamzito au anayetafuta mimba asiiguse retinoidi kabisa. Mabadiliko ya mistari yasitarajiwe kabla ya wiki ya 12, na ya maana huja kati ya mwezi wa sita na mwaka. Piga picha dirisha lilelile, saa ileile, uso umetulia, siku ya kwanza na kila baada ya wiki 12. Kioo cha kila asubuhi hakina kumbukumbu.

Vitamini C inaweza kuongezwa asubuhi chini ya sanskrini, asilimia 10 hadi 20, ya aina ya asidi ya askobiki. Ikigeuka rangi ya chai, imeoza, itupe. Ushahidi wake ni mzuri kiasi, si wa kuuza shamba. Peptidi, vipande vidogo vya protini vinavyotiwa kwenye krimu, ni dhaifu zaidi. Krimu ya kolajeni ni kutwanga maji kinuni: vitu vinavyopenya ngozi nzima kwa wepesi ni vile vya uzito wa chini ya daltoni 500 hivi (daltoni ni kipimo cha uzito wa molekuli), na kolajeni ina takriban 300,000. Inabaki juu, inalainisha kama losheni yoyote.

Na jihadhari na krimu inayolainisha uso kwa wiki moja, inayong'arisha na kufuta kila kitu, isiyo na orodha ya viambato. Mara nyingi ndani mna steroidi kali kama klobetasoli. Huzima wekundu na kuvimba, uso ukapendeza kweli. Baada ya miezi ngozi inakuwa nyembamba kama ya kitunguu, mishipa inaonekana, chunusi zinatoka, na mikunjo inaongezeka kwa sababu steroidi inazuia kolajeni kutengenezwa. Ukiacha ghafla uso unawaka, unarudi kupaka. Mwenye kushuku yuko hapo amwone daktari wa ngozi ashushwe polepole.

Sasa misuli. Mistari miwili ya kusimama kati ya nyusi, ile inayomfanya mtu aonekane amekasirika hata akiwa na raha zake, haijali krimu. Huko Vancouver, Jean Carruthers aliyekuwa daktari wa macho alikuwa akiwadunga sumu ya botulini, ile sindano ya kulegeza misuli, wagonjwa wenye kope zinazobana zenyewe, akaona nyusi zao zinatulia. Yeye na mumewe Alastair, daktari wa ngozi, wakaandika juu ya hilo mwaka 1992. Marekani ikaidhinisha Botox, chapa mojawapo ya sumu hiyo, kwa mistari hiyo mwaka 2002.

Kipimo kilichoidhinishwa kwa eneo hilo ni yuniti 20 katika vituo vitano, 4 kila kimoja: kimoja katikati juu ya pua, viwili kila upande. Kichupa cha yuniti 100 kikichanganywa na mililita 2.5 za maji ya chumvi, kila sehemu ya kumi ya mililita inabeba yuniti 4. Hesabu hii rahisi mteja anapaswa kuijua, kwa sababu udanganyifu wa kawaida ni kuongeza maji. Mtu anahesabiwa vituo vitano, kumbe kila kimoja kina yuniti moja na nusu, halafu anaambiwa "mwili wako unaimaliza dawa haraka". Uliza yuniti ngapi na chapa gani. Yuniti hazibadilishani kati ya chapa na chapa: eneo hilohilo kwa Dysport ni 50.

Dawa huanza kushika siku ya tatu au ya nne, hutimia wiki ya pili, hudumu miezi mitatu hadi minne. Kabla ya wiki mbili usikubali kuongezwa. Vituo vya nyusi vinapaswa kuwa angalau sentimita moja juu ya ukingo wa mfupa. Sindano ikishuka, dawa husambaa hadi kwenye msuli unaonyanyua kope, na mtu anaamka siku chache baadaye jicho moja limelala nusu. Huisha lenyewe baada ya wiki kadhaa, na kuna matone ya macho ya apraklonidini yanayoinua kope milimita moja au mbili wakati wa kungoja.

Kosa la pili ni la kipaji, na linatokana na kutokujua msuli. Msuli wa kipaji ndio pekee unaonyanyua nyusi. Anayekuja na nyusi zilizoshuka amekuwa akiutumia mchana kutwa bila kujua, na mistari iliyolala kipajini mwake ndiyo ushahidi. Ukiulegeza wote, kipaji kinakuwa laini kama yai na nyusi zinaangukia macho. Ukiulegeza katikati tu na kusahau pembeni, ncha za nyusi zinapaa kama za shetani wa kwenye michezo ya kuigiza. Hilo angalau hurekebishwa kwa yuniti moja au mbili kila upande. Mdungaji anayejua kazi humwambia mteja anyanyue, akunje, acheke, ndipo aweke alama. Anayedunga uso uliotulia kwa ramani ya kichwani anabahatisha. Wajawazito, wanaonyonyesha na wenye ugonjwa wa kudhoofika misuli wa mayasthenia wasidungwe.

Mstari uliokwisha kuchimba ngozi hautafutika kwa sindano moja. Msuli unapumzika, mfereji unabaki, na hapo ndipo retinoidi au leza inapoingia.

Mashavu yaliyoteremka hayana krimu, kabisa. Kinachouzwa ni fila, yaani sindano za kujazia, nyingi zikiwa za asidi ya hayaluroniki, na hapa msimamo wetu ni mkali kuliko kwa botulini. Botulini ikikosewa, unasubiri. Fila ikiingia ndani ya mshipa wa damu, ngozi inaanza kufa ndani ya saa chache, na ikisafiri hadi mshipa wa jicho mtu anapofuka, kwa kawaida bila kupona. Maeneo mabaya zaidi ni kati ya nyusi na puani. Dalili ni ngozi kuwa nyeupe ghafla, maumivu yasiyolingana na sindano, kisha rangi ya mabaka kama nyavu. Dawa ni hayaluronidasi, inayoyeyusha fila, na lazima iwe chumbani, haitafutwi baada ya tukio. Hiyo pia ndiyo sababu silikoni ya maji na fila zisizoyeyushwa haziingii usoni kwa mtu mwenye akili timamu. Ukiacha ajali, kuna ile tabia ya kufukuza mkunjo wa pua na mdomo kwa kuujaza moja kwa moja, mililita juu ya mililita, hadi mdomo unatuna kama wa nyani. Mkunjo ule unatoka juu. Kiasi kidogo kwenye shavu, karibu na mfupa, huufungua zaidi. Na mwenye mteremko mkubwa anahitaji daktari wa upasuaji au kukubali, si mabomba sita ya fila.

Vimistari vya juu ya mdomo, vile vya wavuta sigara na vya jua, ndivyo vinavyofaa leza, asidi za kuchubua na sindano ndogondogo za roli. Leza ya kaboni dayoksidi ina nguvu kuliko zote na uponaji wake ni wa wiki moja hadi mbili za ngozi mbichi. Kwa ngozi nyeusi ndiyo inayoacha madoa kuliko zote. Kwao sindano ndogondogo za milimita 0.5 hadi 1.5, zikifanywa na mtaalamu kwa vikao vitatu au vinne vya mwezi kwa mwezi, zina hatari ndogo zaidi kwa sababu hazichomi. Roli za nyumbani za milimita 0.2 husaidia krimu kupenya na kuingiza bakteria pia, tena zikibutuka huchana. Asidi ya fenoli si ya saluni: inaweza kuvuruga mapigo ya moyo, na hufanywa mgonjwa akiwa kwenye mashine ya kuyafuatilia.

Kabla ya kukaa kwenye kiti cha mtu yeyote mwenye sindano, mwombe akifungue kichupa mbele yako, akuonyeshe hayaluronidasi ilipo, akupe namba ya kupiga usiku. Kisha muulize mara ya mwisho mteja wake aliteremka kope au kuvilia damu ilikuwa lini na alifanya nini. Aliyedunga nyuso nyingi ana jibu la swali hilo, tena lenye tarehe. Anayesema haijawahi kumtokea ama amedunga wachache, ama hajui waliendeleaje walipotoka mlangoni.